Mama Mkwe, Barua na Neno la Kigiriki

Nilisoma Kigiriki cha kale miaka mitatu seminarini, na mpaka leo sijapata kazi inayokihitaji. Hapa Sydney naendesha foklifti kwenye ghala moja la Seven Hills, napanga na kupangua maboksi ya glovu za hospitali, na hakuna boksi lililowahi kuniuliza asili ya neno lolote. Lakini mimi si mtu wa kuficha ninachokijua. Mke wangu husema nikiombwa chumvi mezani naanza kwanza kueleza neno chumvi limetoka wapi. Hanisingizii.

Neno ninalotaka kulieleza safari hii ni parokia. Maana yake nilifundishwa darasani, nikaiandika kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Aliyenifanya niielewe ni mama mkwe wangu, ambaye hajui hata herufi moja ya Kigiriki.

Alikuja mwanzoni mwa mwaka 2020 kumwangalia bintiye aliyekuwa karibu kujifungua. Alikuja kwa miezi mitatu, na begi la nguo na begi la vyakula ambalo watu wa ukaguzi pale uwanja wa ndege walilipunguza nusu huku akiwatazama kwa macho makavu. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Kabla hata kitovu hakijakauka mipaka ikafungwa, ndege ikafutwa, ya pili ikafutwa, na miezi mitatu ya mama ikaja kuwa ishirini na mmoja.

Sasa ieleweke tulikuwa tunakaa wapi. Fleti ya vyumba viwili Auburn, ghorofa ya pili, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vijiko vinalia kabatini. Na kwa mama mkwe, kule nyanda za juu kusini alikozaliwa, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, na hawakai chumba kimoja kama kuna namna nyingine. Hiyo ni heshima, na mimi naiheshimu. Lakini heshima hiyo ilitungwa na watu wenye viwanja vikubwa. Fleti yetu ina sebule moja, na jiko liko humo humo sebuleni.

Tukajifunza. Nikitaka kupita jikoni nakohoa. Akitaka kunipa kitu anakiweka mezani na kurudi nyuma, nami nakuja kukichukua. Akiwa na neno kwangu anamwambia bintiye, hata kama nimesimama pale pale: "Mwambie mumeo chai iko tayari." Mke wangu akiwa kazini, maana ni nesi kwenye nyumba ya wazee, ujumbe ulipitia kwa mjukuu ambaye hata meno hakuwa nayo: "Mwambie baba yako mvua inanyesha, nguo ziko nje." Serikali ilipokuja kutangaza kwamba watu wasimame mita moja na nusu kati yao, sisi tulikuwa tumeshazoea mita zetu siku nyingi.

Kitu kimoja tu alikiomba tangu wiki ya kwanza: jumuiya. Wasomaji wa Kikatoliki wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Ukiwa Mkatoliki kule nyumbani huendi kanisani tu Jumapili ukarudi kulala. Una jumuiya yako ndogo ya mtaani, nyumba kumi au ishirini, mnasali pamoja kila wiki kwa zamu nyumba hadi nyumba, na kuna daftari la mahudhurio. Ukitaka mtoto abatizwe, daftari linafunguliwa. Ukitaka kufunga ndoa, linafunguliwa. Ukifa, linafunguliwa kabla ya jeneza.

Tuliipata. Waswahili wachache wa huku magharibi mwa Sydney walikuwa wakisali kila Jumamosi jioni, Watanzania, Wakenya na familia moja ya Kirundi, chini ya mwenyekiti Mkenya, nesi wa Parramatta mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mama akajiunga. Mimi nikawa dereva.

Dereva tu, na hapa inabidi niseme ukweli wangu. Niliacha seminari ikiwa imebaki miezi michache nipewe ushemasi, daraja la mwisho kabla ya upadri. Sikufukuzwa, wala hapakuwa na mwanamke. Asubuhi moja kengele ililia nikajikuta siwezi kuinuka, na baada ya hapo sikuweza kuinuka tena. Mama yangu mzazi alilia mwaka mzima. Tangu siku hiyo niliapa kwamba mambo ya kuandikwa yupo, hayupo, mimi basi. Kwa hiyo walipokuwa wakisali Parramatta nilikaa garini nikisoma habari za mpira. Walipokuwa na zamu ya nyumba yenye kibaraza nilikaa kibarazani. Nilikuwa na kisingizio kizuri kisichopingika: mama mkwe yumo ndani, mimi ningeingiaje?

Katikati ya 2021 jiji likafungwa tena, na safari hii kweli kweli. Sisi wa Auburn tulikuwa kwenye maeneo yaliyobanwa zaidi. Huruhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka nyumbani bila sababu, kwenda kazini Seven Hills nilibeba kibali kwenye simu, makanisa kimya, misikiti kimya. Jumuiya ikahamia kwenye simu. Mama alikaa sebuleni mbele ya tableti, rozari mkononi, kitenge cha kutokea begani, kama vile mwenyekiti angeweza kumnusa kupitia kioo.

Mtandao wetu wa nyumbani ulikuwa wa kukatikakatika, hivyo simu yangu ndiyo iliyokuwa ikiipa tableti data. Lazima iwe karibu, na mimi lazima niwe karibu nayo, kwa sababu kazini wakinipigia ni pale pale. Basi kila Jumamosi nilitoa kreti la maziwa, nikaligeuza, nikakaa kwenye korido nje ya mlango wetu, barakoa usoni kama sheria ilivyotaka, mlango umeachwa wazi kidogo kwa kiatu. Nilisikia kila kitu. Siwezi kusema nilisali. Ila mtu akitaja sura isiyo yake nilishindwa kuvumilia. "Ni ya kumi na mbili, si ya kumi na moja!" nilipaza sauti kutoka koridoni, na mwenyekiti alijibu kutoka Parramatta, "Asante Mheshimiwa wa nje!"

Agosti, mama akapigiwa simu kutoka kwao.

Mwenzake wa kwaya amefariki. Walikuwa wameimba pamoja sauti ya pili tangu wakiwa wasichana. Marehemu alikuwa amekaa miaka miwili Dar es Salaam kwa binti yake akitibiwa, akarudi kijijini, akaishi majuma machache tu. Mwenyekiti wa jumuiya ya kijijini akafungua daftari. Miaka miwili mitupu. Barua kutoka alikokuwa akisali? Haipo, hakuna aliyekumbuka kuiomba. Basi hakuna misa. Katekista akasali kaburini sala fupi, kwaya haikuimba, watu wakarudi nyumbani.

Mama mkwe wangu hakulia. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akiangalia treni. Jioni hiyo hakula. Siku ya tatu alimwita bintiye, nami nilikuwa jikoni nikiosha vyombo, mgongo nimewapa.

"Mwambie mumeo," alisema, "mimi nina miaka sabini na miwili. Ugonjwa huu unachukua watu kama mimi. Nikifia huku sijui mtanifanyaje, lakini Mungu akinirudisha nyumbani nikafie kule, sitaki kufukiwa kama mbwa wa mtu. Anitafutie barua. Barua ya parokia, yenye sahihi na mhuri."

Mke wangu akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajibu kwa sauti kubwa, huku nikisugua sufuria, kwamba mama asiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Ndivyo nilivyo. Kesho yake wakati wa chai nikampigia padri wa kanisa la karibu, mzee wa Kiaustralia, mcheshi, ambaye kabla ya kufungwa mama alikuwa akienda kwenye misa yake kila Jumapili na kukaa benchi la pili bila kuelewa neno. Nikamweleza. Akasema anamkumbuka sana, yule mama wa vitambaa vya rangi. Akauliza barua ni ya viza? Nikasema hapana. Ya kupanga nyumba? Hapana, ya kuzikwa. Kisha akasema hakuna haja ya barua, mama ni wa pale kama mtu mwingine yeyote, mlango uko wazi kwake siku zote. "No worries," alisema, mara tatu. Nikafurahi. Nikaona nimemaliza.

Nilipofikisha ujumbe huo jioni, kupitia kwa mke wangu, uso wa mama ulisawijika.

"Amekataa," alisema.

"Hajakataa, Mama," mke wangu akamwambia. "Amesema hahitaji."

"Padri ambaye hahitaji barua ni padri ambaye hajui nani ni wake."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Niliona mama amekwama kwenye utaratibu wa vijijini, na mimi nina dawa yake kichwani tangu seminari. Nikafuta mikono, nikasimama mbali inavyotakiwa, nikamwaga somo. Nikasema: mama ajue kwamba neno parokia tumelipokea kwa wamisionari, wao wakalipokea kwa Kilatini, na Kilatini kikalichukua kwa Wagiriki. Kwa Wagiriki, para ni kando ya, na oikos ni nyumba. Paroikos alikuwa mtu anayekaa kando ya nyumba, jirani, na baadaye mgeni aliyeruhusiwa kukaa mjini bila kuwa raia wa mji huo. Hana ardhi ya ukoo pale, hapigi kura, lakini yupo. Wayahudi wa Misri walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki wakalitumia neno hilo kwa Abrahamu alipokaa katika nchi isiyo yake, na kwa watu wake walipokuwa utumwani. Wakristo wa kwanza wakalipenda, wakajiita wao wenyewe hivyo: wakaao ugenini. Paroikia ilikuwa kukaa ugenini, kisha ikawa ni hao watu wanaokaa ugenini pamoja, na karne nyingi baadaye ndipo ikawa eneo lenye mipaka, ofisi na kabati la mafaili.

"Kwa hiyo," nikahitimisha, kifua mbele, "Mama hajatoka parokiani hata siku moja. Kukaa kwake huku ugenini ndiyo parokia yenyewe, kwa maana yake ya asili."

Nilikuwa nimesema vizuri. Hata leo nikilikumbuka somo lile naona lilikuwa zuri. Mke wangu alikuwa ameacha kijiko hewani.

Mama alimtazama mjukuu aliyekuwa mapajani kwake.

"Mwambie baba yako," alisema, "maneno ni matamu sana. Mhuri uko wapi?"

Sikulala njaa usiku ule, lakini nilikula nimenuna. Kesho yake kazini nilikuwa nikisukuma foklifti kati ya rafu nikibishana na mama mkwe kichwani, nikimshinda kila mara. Kwenye rafu ya kumi na nne nikasimamisha mashine. Nilikuwa nimekumbuka nusu ya pili ya somo, ile niliyoiruka kwa kuwa haikunisaidia kushinda.

Watu wale wa kale waliojiita wakaao ugenini walikuwa wakiandikiana barua. Kanisa linalokaa ugenini katika mji huu liliandikia Kanisa linalokaa ugenini katika mji ule, na hivyo ndivyo walivyoanza, kabla ya salamu. Na Mkristo aliyesafiri hakufika mji mpya akasema tu mimi ni wenu. Alibeba barua ya kumtambulisha. Bila barua angeweza kuwa mtu yeyote. Kwa barua alipewa mkate, mahali pa kulala, na akifia njiani, kaburi. Mzee aliyetufundisha alitumia kipindi kizima kwenye jambo hilo, akigonga meza kwa chaki. Mimi niliijua maana ya neno, lakini mama mkwe ndiye aliyekuwa akiishi ndani yake. Alichokuwa akikidai ni kile hasa walichokidai wenye neno lao. Niliona aibu, peke yangu, kati ya maboksi ya glovu.

Nikampigia mwenyekiti.

"Na si uandike tu hiyo letter?" alisema. "Mathe ako na stress, na wewe ndio uko na hiyo Greek yote. Mimi nita-sign. Padri niachie mimi, huyo nitamwongelesha vizuri."

"Mama anataka sahihi tatu," nikasema. "Mwenyekiti, katibu, na padri. Hatuna katibu."

"Sasa unaye. Hongera."

"Mimi sihudhurii. Siwezi kuandika kwamba mtu amehudhuria wakati mimi mwenyewe sihudhurii."

"Wewe andika, bana," alisema, akakata simu kwa sababu wodini walikuwa wanamwita.

Nikaandika. Juu nikaweka mahali na tarehe, kisha kama inavyotakiwa kwetu, YAH: UTAMBULISHO WA MUUMINI, kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Nikaanza: Kanisa linalokaa ugenini Auburn, kwa Kanisa linalokaa ugenini, nikataja kijiji chao. Tumsifu Yesu Kristo.

Mke wangu akamsomea mama. Mama akainua mkono.

"Sisi tuko ugenini wapi? Sisi ni wenyeji pale. Babu yangu amezikwa pale."

Nikaeleza kutoka karibu na friji kwamba ndivyo walivyoandikiana wa kale, wote walijihesabu wapita njia, hata waliokaa kwao. Treni ya kwenda mjini ikapita, vijiko vikalia.

"Mwenyekiti wetu wa kule hatapenda," mama alisema mwishoni. Kisha, nadhani akimkumbuka mwenzake wa kwaya: "Acha hivyo hivyo. Akasome."

Tulipofika kwenye mahudhurio mama akaingia chumbani, akatoka na daftari. Daftari la shule, la mistari, lenye jalada la bluu, alilonunuliwa dukani hapo Auburn wiki zake za mwanzo. Sikujua kama lipo. Alikuwa ameandika kila Jumamosi, kila nyumba, kila aliyekuwepo, kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Hakuna aliyemwomba. Mke wangu akamhesabia safu yake: mara themanini na tatu. Nikaiandika idadi hiyo kwa maneno na kwa tarakimu, ili isije ikachezewa.

Kisha nikaweka sahihi yangu chini ya neno Katibu. Nilijiona tapeli. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli isipokuwa mimi.

Padri alitukuta kwenye geti la kanisa, barakoa usoni, barua tukaiweka juu ya ukuta naye akaichukua. Sijui mwenyekiti alimwambia nini, lakini hakusema no worries. Alisoma tafsiri yangu ya Kiingereza mstari kwa mstari, akaweka sahihi, akaingia ofisini, akatoka na barua imebanwa kwa mhuri wa chuma, ule wanaoutumia kwenye vyeti vya ubatizo, unaoacha alama iliyoinuka kwenye karatasi bila wino.

Mama alipapasa alama ile kwa kidole gumba. Akaiangalia kwenye mwanga.

"Haina rangi," alimwambia bintiye. "Kule watasema ni karatasi iliyokunjika."

Basi akachukua krayoni ya mjukuu wake, ya zambarau, akailaza ubavu, akasugua taratibu juu ya alama mpaka msalaba na maandishi ya duara yakajitokeza. Kazi safi. Mhuri mzuri kuliko ule sijauona tena. Aliifunga barua ndani ya nailoni mbili na kuiweka chini ya nguo begini, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya Agosti, aliomba aongezewe ugali.

Mwezi wa Novemba njia zilifunguka. Tulimsindikiza uwanja wa ndege na cheti chake cha kupimwa. Bintiye alilia, mjukuu alilia kwa kuwa mama yake analia. Mimi nilisimama kwa umbali wa heshima. Mama akatoa daftari la bluu kwenye mkoba, akaliweka kwenye benchi kati yetu, akarudi nyuma hatua mbili. Nikalichukua. Nikadhani amesahau kulipakia, au ameona ni mzigo. Nyumbani nililitupia juu ya kabati.

Wiki ya pili baada ya kufika kwake simu ililia. Nilidhani anamtaka bintiye, nikaanza kumwita.

"Mkwe," alisema. "Ni wewe ninayekutaka."

Nikakaa chini. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Barua imesomwa Jumamosi, mbele ya jumuiya yote. Mwenyekiti ameipindua, ameipandua. Mhuri kaupitisha. Hapo pa ugenini amesoma mara mbili, akasema huyu aliyeandika ana kiburi."

"Samahani, Mama."

"Ngoja. Akaniuliza, huyu katibu ni nani? Nikasema ni mkwe wangu. Akasema, barua ya katibu asiyesali ni karatasi tu. Anahudhuria?"

Nilijua hapa ndipo yote yalipo. Mwaka na miezi tisa yake, misa yake ya kuzikwa, kwaya ya sauti ya pili, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye jina langu.

"Nikamwambia," mama alisema, "hajakosa hata wiki moja bila ruhusa. Basi wameniandika. Niko daftarini, mkwe wangu. Nimekupigia nikuambie mwenyewe."

Nilimshukuru. Tulizungumza habari za mahindi na za mtoto, moja kwa moja, yeye na mimi, bila mtu katikati. Nikakata simu. Mwanamke yule, ambaye angepiga goti kuungama kwa kukosa rozari moja, alikuwa amesema uongo mbele ya jumuiya kwa ajili yangu. Ndivyo nilivyofikiri. Na nilifikiri kwamba akifa atabeba uongo huo, na ni wangu.

Nikapanda kiti nikateremsha daftari.

Safu yake ilikuwa ya kwanza. Ya mwenyekiti ya pili. Nikashuka na kidole, familia ya Kirundi, bintiye, hadi safu ya mwisho, ambayo hakuandika jina, aliandika Mkwe. Haikuwa tupu. Jumamosi ya kwanza kabisa: yupo, garini. Iliyofuata: yupo, garini. Kisha yupo, kibarazani. Jumamosi nilizokuwa Seven Hills aliweka R ya ruhusa na kuandika kando, kazini. Nikafunua kurasa za miezi ya kufungwa, zile za kreti la maziwa na barakoa, wiki baada ya wiki, na mwandiko ule ule wa darasa la nne haukuchoka kurudia: yupo, nje ya mlango. Yupo, nje ya mlango. Yupo, nje ya mlango.

Mke wangu alinikuta bado nimesimama juu ya kiti. Akauliza ninalia nini. Nikamwuliza Jumamosi ni zamu ya nani, na akasema ni yetu.